Nusu Inchi ya Sigara ya Kuba

Mpiga tarumbeta wa hoteli kubwa aliingia kwa fundi Pindo Jumanne asubuhi, mikono mitupu, hana suruali ya kupunguzwa wala zipu ya kubadilishwa. Fundi akajua pale pale kwamba huyu amekuja na jambo. Wateja wa duka lile hawakuwa na desturi ya kuja kusalimia. Walikuja na mfuko, wakatoa nguo, wakadai imejipunguza yenyewe kabatini, wakaenda zao.

"Fundi, nimerudi," alisema mpiga tarumbeta.

"Naona. Na tumbo umerudi nalo."

"Usinianze. Mwaka na nusu melini, chakula bure, ungekuwa wewe ungefanyaje? Lakini nataka kukwambia neno. Makoti yenu meupe hayakuachia hata uzi mmoja. Nimepiga tarumbeta mpaka Kuba nimevaa koti lenu, watu wananiuliza nani kanishonea."

Fundi Pindo akajifanya anatafuta bobini ya uzi. Alikuwa mtu wa kupenda kusifiwa, lakini hakupenda kuonekana anapenda.

Mpiga tarumbeta akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, mfuko ambao Pindo mwenyewe aliushona kwa uzi wa hariri, akatoa kijisanduku chembamba cha mbao. Akakifungua juu ya cherehani. Ndani ililala sigara moja ya Kuba.

Si sigara hizi za pakiti, za kuvuta mtu akisubiri basi. Hii ilikuwa nene kuliko kidole gumba, jani tupu kutoka mwanzo hadi mwisho, haina karatasi, rangi yake kama kiatu cha ngozi kilichong'arishwa na mtu anayependa kazi yake. Chini ilikuwa pana, imekatwa bapa. Kuanzia katikati kwenda juu ikaanza kupungua, taratibu, bila haraka wala mkunjo, ikapungua mpaka ikaishia kwenye ncha.

"Nzito hiyo," alisema mpiga tarumbeta. "Si ya mchezo. Kwanza ule, ushibe. Ukiivuta na njaa itakuangusha. Pili, usimeze moshi. Uweke mdomoni, uuonje kama supu, uuache uende zake. Tatu, unawasha huku kupana, lakini kabla ya hapo hii ncha inakatwa, na hapo ndipo watu wanapoharibu. Ukiikata ovyo, jani la nje linafumuka lote, unabaki na takataka mkononi. Lakini ninyi nitawafundisha nini habari ya kukata? Chaki yuko wapi?"

"Ametoka," alisema Pindo.

Hakusema uongo. Chaki, mkataji wa duka, alikuwa ametoka. Alitoka miezi kumi na minne iliyopita, mkasi kwapani, na hakurudi.

"Basi msalimie. Ni yenu wawili hiyo. Nilikuwa nazo mbili, moja nikaivuta njiani. Nikawaomba radhi kimoyomoyo."

Alipoondoka, fundi alibaki peke yake na ile sigara. Aliigeuzageuza chini ya taa ya cherehani. Kadiri alivyoitazama ndivyo alivyozidi kuinama, maana aliona kazi ya fundi mwenzake. Jani la nje lilikuwa ukanda mmoja, umezungushwa hanamu kuanzia chini hadi kwenye ncha, kila mzunguko umeulalia mwenzake kidogo tu, na pale unene unapoanza kupungua, pale ambapo fundi yeyote wa mikono ya makoti hutoka jasho, ukanda haukukunjamana hata mara moja. Alitafuta mahali mshono ulipoishia akashindwa kuuona. Huko mbali kuna mtu, alijiambia, amekaa kwenye kiti kama changu, mgongo unamuuma kama wangu, na anajua.

Ndipo akamkumbuka Chaki, kwa kuwa Chaki ndiye mtu pekee duniani ambaye angetaka kumwambia maneno hayo.

Majina yao halisi yalikuwa kwenye vyeti tu. Mtaani waliitwa Pindo na Chaki kwa miaka thelathini na nane, tangu walipokuwa wanafunzi wa fundi mmoja mkali. Fundi huyo aliwagawia kazi siku ya kwanza na hakubadili tena: huyu atakata, huyu atashona. Mkono unaoshona ulipigwa marufuku kugusa mkasi mkubwa. Na kabla mkasi haujaingia kwenye kitambaa kipya, mkataji alipaswa kumgeukia mshonaji na kuuliza, "Nakata?" Mshonaji akague mistari ya chaki, ajiridhishe, ndipo ajibu, "Kata." Hapo kosa likitokea ni la wote wawili, hakuna wa kumnyooshea mwenzake kidole. Walifungua duka lao, wakaendelea hivyo hivyo. Baadaye Pindo akamwoa dada yake Chaki, wakawa mashemeji pia, na mezani waliulizana hata juu ya mkate: "Nakata?" "Kata."

Kilichowatenganisha ni tumbo la muuza nyama.

Muuza nyama alikuwa anaoa. Walimshonea koti jeusi la harusi, bitana ya rangi ya divai, kazi ya kutazamwa. Ukumbini, wakati wa kukata keki, bwana harusi alicheka kwa nguvu, kifungo cha kati kikaruka kama kimefyatuliwa na manati, kikatua juu ya keki. Watu wakaangua kicheko. Mtu mmoja akauliza nani kashona. Na Pindo, aliyekuwa meza ya tatu na kola yake imepigwa pasi ya kukata na shoka, akasema kwa sauti iliyosikika hadi meza ya saba: "Muulizeni aliyekata. Hakuacha nafasi ya mshono."

Chaki alikuwa ameketi pembeni yake. Alisema maneno machache tu: "Niliacha inchi nzima. Na uliniambia kata." Kesho yake akachukua mkasi wake.

Tangu siku hiyo duka halikukata kitambaa kipya. Meza ya kukatia ilifunikwa shuka, na Pindo akaishia kupunguza suruali na kubadilisha zipu.

Yote hayo yangevumilika kama angekuwa upande wa haki. Lakini mwezi wa tano baada ya harusi, muuza nyama alileta lile koti lipanuliwe. Pindo alifumua bitana, akafungua mshono wa ubavuni, akaona mstari wa chaki wa shemeji yake, mweupe, umenyooka kama reli, inchi nzima kutoka ukingoni. Na uzi wake yeye Pindo haukuwa juu ya mstari. Ulikuwa umepita ndani zaidi, nusu inchi, kuanzia kwapani hadi chini. Upande wa pili vilevile.

Akalipanua koti, akampa muuza nyama, akanyamaza kimya kama maji ya mtungini. Miezi tisa sasa. Kila wiki alijiambia wiki ijayo atakwenda, na kila wiki ijayo ilipofika alikuta zipu nyingi.

Basi akaiweka sigara kwenye droo ya vifungo na kurudi kazini.

Mkewe alikuwa na pua ambayo ingeweza kupata ajira forodhani.

"Mzee, kuna kitu kinanukia kwenye droo ya vifungo."

"Mafuta ya cherehani."

"Mafuta ya cherehani nayanusa mwaka wa thelathini na sita huu. Hayanukii hivi." Akavuta droo, akafungua kijisanduku, akatikisa kichwa. "Nani kakupa?"

"Yule wa tarumbeta."

"Kakupa wewe?"

Fundi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Uzi ulipita pembeni ya tundu, kisha upande wa pili, kwa dharau ya wazi.

"Ametupa," alisema.

"Ametupa mimi na wewe?"

"Kwani wewe unavuta?"

"Basi wewe na nani?"

"Unamjua."

Mke akachukua sindano mkononi mwake, akaitunga mara moja, akamrudishia. "Vaa miwani."

"Sihitaji miwani. Taa hii ndiyo mbovu."

"Taa nimebadilisha juzi." Akaifunga droo taratibu. "Jumapili nakwenda kwa shangazi, nitarudi saa kumi na moja. Hiyo sigara ni yako na ya mdogo wangu. Nikirudi nikakuta umeivuta peke yako, sitagomba. Nitanyamaza tu."

Pindo aliijua adhabu hiyo. Mke wake akigomba, mvua hunyesha na kuanuka. Akinyamaza, mtu hula chakula cha moto kwa wiki mbili bila kujua chumvi ilikuwa ya kutosha au la, maana hakuna wa kumuuliza.

Jumapili, saa nane, baada ya mke kuondoka, fundi alitoa kiti kwenye kibaraza cha nyuma. Akapanga vitu kama mtu anayejiandaa kupasuliwa: kikombe cha kahawa, kiberiti, kisahani cha majivu, sigara. Alikuwa ameshajiambia kwamba atavuta nusu na kumwekea Chaki nusu. Kisha akajiambia kwamba nusu iliyokwisha vutwa si zawadi, ni matusi. Kisha akajiambia aache kujiambiaambia, mbona amekuwa kama redio.

Akaichukua, akainusa. Harufu ilikuwa ya mbao, ya kahawa, na kitu kingine alichokijua vizuri: sufu nzuri chini ya pasi ya moto, sekunde moja kabla haijaungua. Mate yakamjaa mdomoni.

Akachukua mkasi mdogo wa nyuzi, akausogeza kwenye ncha. Akapima kwa macho. Akasogeza nyuma. Akaleta tena mbele. Alifunga macho, na bila kutaka akajisikia akisema, "Kata."

Akasubiri. Kahawa ikapoa kidogo. Hakuna aliyekata.

Fundi Pindo alikaa pale muda mrefu, mkasi mkononi, akijiona mjinga wa karne. Kisha akarudisha sigara kwenye kijisanduku, akavaa koti, akafunga tai, akalegeza tai, akaivua tai akaitia mfukoni, akatoka.

Chaki alihamia mtaa wa pili, chumba cha juu kwa fundi baiskeli. Ngazi zilikuwa kumi na nne. Pindo alizihesabu zote, kwa sababu alisimama kwenye kila moja.

"Hodi."

"Nani?"

"Mteja."

"Wateja hawaji Jumapili."

"Huyu amekuja."

Mlango ukafunguka upana wa uso mmoja. Chaki alikuwa amekonda. Alisimama na futi yake ya kupimia imening'inia shingoni, kama kawaida yake, hata nyumbani.

"Shemeji," alisema, kama mtu anayesoma neno kwenye kibao.

"Shemeji."

"Dada mzima?"

"Mzima. Kaenda kwa shangazi."

"Aa. Ndiyo maana umepata nafasi ya kutoroka."

"Nimeleta kazi ya kukata."

"Siku hizi nakata soli za kutandika ndani ya viatu. Una miguu ya baridi?"

Pindo akatoa kijisanduku, akakifungua pale mlangoni. Chaki akatazama. Kisha mlango ukafunguka wote.

Chumba kilikuwa kidogo na kisafi. Kitanda, kiti, meza yenye rundo la soli nyeusi, zote sawasawa, za kulia zimetazama kulia na za kushoto kushoto. Ukutani, kwenye msumari, ule mkasi mkubwa ulining'inia umefungwa kwa kitambaa cha mafuta.

"Yule wa tarumbeta katuletea," alisema Pindo. "Wewe na mimi. Hajui."

"Hajui nini?"

"Hajui kwamba... ulitoka."

Chaki alikuwa ameshaichukua sigara na kuipeleka dirishani. Aliizungusha polepole. Akapitisha kucha kwenye mzunguko wa jani, kutoka chini kupanda juu.

"Nani kaizungushia hili jani?" aliuliza.

"Fundi wa huko."

"Huyu mtu anajua. Ona alivyolipeleka hanamu. Na hapa inapopungua, tazama, hakuvuta. Angevuta lingekunjamana."

"Nimetafuta mshono ulikoishia sijauona."

"Huwezi kuuona. Upo hapa." Akaweka kucha. "Huna macho tu. Mikono ya makoti ningempa huyu, yote, nikae nipumzike."

"Na mimi ningefanya nini?"

"Ungepunguza suruali. Si ndiyo kazi yako?"

Lilikuwa dongo, lakini lilitupwa taratibu, na Pindo alilipokea karibu kwa furaha. Wakatazama sigara wote wawili, vichwa vimekaribiana, kama zamani mteja alipoleta kitambaa cha maana.

"Basi ikate tuivute," alisema Pindo.

Chaki akatoa mkasi msumarini. Akafungua kile kitambaa, akaupangusa ingawa ulikuwa safi. Akaipima ncha kwa futi, akatoa kipande cha chaki mfukoni, akachora mstari mwembamba sana. Akaweka mkasi juu ya mstari.

Halafu akautoa.

"Peleka kwa mtu mwingine," alisema.

"Mtu gani? Mtu mwingine yuko wapi?"

"Shemeji, hii iko moja. Soli nikikosea natupa, nakata nyingine." Akaketi kitandani, mkasi mapajani. Aliongea akiutazama mkasi. "Lile koti nimelikata upya kichwani mara mia. Kila nikilikata naacha inchi. Naiona kabisa. Lakini kifungo kiliruka, na kifungo hakina sababu ya kunionea. Basi labda sikuacha. Labda niliona ninachotaka kuona. Mtu akishafika hapo, hafai kukata kitu cha watu."

Pindo alikuja na maneno aliyoyapanga ngazi kwa ngazi. Yalikuwa maneno mazuri, yenye mwanzo na mwisho, na ndani yake kosa liligawanywa vizuri kati ya watu wawili, taa mbovu na muuza nyama. Yote yakayeyuka. Alidhani kwa muda wote huo kwamba shemeji yake amekaa huku akiwa amekasirika. Hasira angeiweza. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu huyu amekaa huku akiushuku mkono wake mwenyewe.

"Uliacha," alisema.

"Nini?"

"Inchi. Uliacha inchi nzima. Muuza nyama aliniletea lile koti nilipanue, nikalifumua. Mstari wako upo, umenyooka. Uzi wangu ndio uliopita ndani. Nusu inchi."

"Upande gani?"

"Pande zote mbili."

Chaki akanyanyua macho. Midomo yake ilikuwa inatembea. Alikuwa anapiga hesabu. "Nusu mbele, nusu nyuma, hiyo inchi kwa kila mshono. Mishono miwili. Umeniibia inchi mbili kwenye lile tumbo."

"Ndiyo."

"Kile kifungo kilijitahidi sana."

"Kilijitahidi."

"Lini ulifumua?"

Hapa Pindo alitamani ngazi. "Miezi tisa iliyopita."

"Miezi tisa." Chaki alisema taratibu. "Kuna watu wametungwa mimba na kuzaliwa, shemeji, wewe unatafuta namna ya kupanda ngazi kumi na nne."

"Ni kweli."

"Ulishonaje nje ya mstari? Wewe hukuwahi kutoka nje ya mstari."

"Miwani."

"Miwani gani? Wewe huna miwani."

"Ndiyo hiyo."

Chaki akainuka, akaenda dirishani, akampa kisogo. Chini, fundi baiskeli alikuwa anajaribu kengele, mara moja, mara mbili, haridhiki. Pindo alisimama katikati ya chumba na mikono yake isiyo na pa kwenda. Aliwaza kwamba akifukuzwa atashuka kwa heshima. Aliwaza pia kwamba hakuna heshima yoyote.

"Nisamehe," alisema kumwambia mgongo. "Nilikuaibisha mbele ya watu. Nitakwenda kuwaambia, meza ya saba hadi ya kwanza."

"Muuza nyama peke yake atatosha. Atawatangazia wengine." Chaki aligeuka. Macho yake yalikuwa na unyevu, lakini bega lake la kukatia, ambalo Pindo alilifahamu kuliko uso wake, lilikuwa limeshuka mahali pake. Akachukua mkasi. "Shika hapa chini. Usibane, si pindo hilo."

Pindo akashika. Chaki akaweka mkasi juu ya mstari.

"Nakata?"

Fundi Pindo akainama, akaukagua mstari kwa karibu kabisa, pua karibu iguse, kama ilivyotakiwa.

"Kata."

Mkasi ukasema neno moja. Kipande kidogo kama punje ya dengu kikaanguka mezani. Jani halikutikisika.

Pindo akaiweka mdomoni kabla ya kuwasha, akavuta kujaribu.

"Vipi?"

"Kama kunywa uji kwa tundu la sindano."

"Nimeacha nafasi."

"Naona umeacha."

"Nakata?"

"Kata."

Punje ya pili. Bado ilikuwa nzito kuvuta. Chaki alikuwa anatabasamu sasa, akifurahia kila kipande kama ushahidi mahakamani. Sigara ya ncha ndiyo uzuri wake, alisema: kila ukikata juu, mdomo unapanuka kidogo, unakata mpaka inamkaa mwenyewe. Punje ya tatu ikadondoka, na hewa ikapita laini, ikileta ladha ya jani bichi na kitu kama kakao.

"Hapo," alisema Pindo.

"Hapo," alikubali Chaki, akaichukua mkononi mwake. Akatoa tena chaki, akaweka futi kwenye mwisho mpana, akachora mstari mwingine kuizunguka, nusu inchi kutoka chini.

"Huo wa nini?"

"Mpaka hapa ni yangu. Nusu inchi uliyonichukua. Baada ya hapo tutapokezana."

Akawasha kwa utulivu unaoumiza. Kwanza aliupasha moto ule upana bila kuugusisha, akiuzungusha juu ya njiti mpaka ukaota wekundu kote sawasawa. Kisha akavuta, akaketi, akakunja nne. Moshi ukatoka mzito na wa buluu, ukatanda juu ya soli. Akafumba macho.

"Ikoje?" aliuliza Pindo.

"Mm."

"Mm nini?"

"Pilipili kidogo, mwanzoni. Puani zaidi." Akavuta tena, baada ya muda mrefu. "Sasa kahawa. Kahawa ya mtu mwenye nafasi."

Pindo akameza mate. Aliketi kwenye kiti kimoja kilichokuwapo na kutazama wekundu unavyoshuka. Hakuwahi kuiona nusu inchi ikiwa ndefu namna ile. Chaki hakuharakisha. Katikati alisimulia habari za soli, kwamba mguu wa kushoto wa watu wengi ni mkubwa kuliko wa kulia na hawajui. Majivu yalisimama mwishoni, meupe, hayaanguki, na jani liliungua kwa duara lililo sawa pande zote. Ilikuwa adhabu ya haki, na Pindo aliitumikia bila kunung'unika, ila mara moja tu alisema, "Hiyo imeshapita mstari."

"Huna macho," alisema Chaki, akamwonyesha. Mstari ulikuwa bado, unywele mmoja.

Ulipofika wekundu juu ya chaki kamili, si kabla wala si baada, Chaki aliitoa mdomoni, akaigeuza, akampa.

Pindo akavuta. Moshi ulijaa mdomoni kama kitu cha kutafuna. Pilipili ilikuwa imekwisha. Kulikuwa na ngozi, mbao, kahawa chungu, na chini kabisa utamu mdogo, kama wa karanga zilizokaangwa hadi karibu na kuungua. Aliushika, akauzungusha, akauacha uende. Ladha ikabaki baada ya moshi kwisha, jinsi joto linavyobaki kwenye suruali iliyotoka kwenye pasi. Akavuta tena. Akavuta mara ya tatu, kwa uroho. Chumba kikaanza kwenda upande mmoja polepole, kikarudi, kikaenda tena.

"Shemeji," alisema, "hiki chumba kimepinda?"

"Umekula?"

"Kahawa."

"Toa hapa." Chaki akamnyang'anya sigara, akamletea mkate na chai ya sukari nyingi, akamsimamia. Akakamata kisu. "Nakata?"

"Kata, tafadhali," alisema Pindo, ameshika meza kwa mikono yote miwili.

Chumba kiliponyooka, waliendelea. Waliivuta kwa zamu, saa nzima na robo, mpaka vidole vikaanza kuungua, na hakuna aliyekubali kuwa wa mwisho kuiacha. Walizungumza habari za yule fundi wa mbali na mikono yake. Chaki alisema kesho atapita dukani kuangalia kama panya hawajaila meza yake, lakini hatakata kitu mpaka aone miwani usoni kwa mtu.

"Nitanunua."

"Nitaiona ndiyo nitaamini."

Saa kumi na moja mke alirudi kwa shangazi, akawakuta wote wawili kibarazani kwake, maana Chaki alimsindikiza Pindo hadi nyumbani, mmoja na mkasi mapajani. Hakusalimia kwanza. Akamwendea mumewe, akanusa koti lake kwenye kola. Akamwendea mdogo wake, akanusa la kwake. Akasimama kati yao na mkoba wake.

Halafu akaanza. Aliwaambia wananuka kama jiko la mkaa, aliwauliza walikuwa wapi miezi yote hiyo na akili zao, alimwambia mumewe habari za miwani na mdogo wake habari za kukonda, akapita jikoni akaendelea kutokea huko huko, sauti ikishindana na masufuria. Alisema akipika, alisema akipakua, alisema mpaka vyombo vikaoshwa, na wale wawili walikula vichwa vimeinama, kwa raha kubwa, bila kumkatiza hata mara moja.